Jibu la Bi Mize

Siku ya kwanza nilipoingia kufundisha mazoezi ya tiba, Mkuu wa Idara alinipa mkeka mpya na wasia mmoja. "Usimwinue mgonjwa mguu kabla hujamuuliza anaumwa wapi." Chuo chetu kilifundisha tiba ya mifupa na maungo kwa mikono, na kazi yangu ilikuwa kumwonesha mwanafunzi namna ya kumpa mgonjwa zoezi, kisha kuliongeza kidogo kidogo, jambo tuliloliita kupandisha daraja. Niliwauliza wagonjwa miaka yote ile, nikajiona hodari.

Nilipohamishiwa kliniki ya mafunzo upande wa Kiwengwa, wengi waliokuja walikuwa wakulima wa mwani, viuno vimekakamaa kwa kuinama majini. Mmoja wao, Bi Mize, aliumwa kiuno, na maumivu yakimshuka hadi mguu wa kulia. Nilimpa zoezi la kuvuta magoti kifuani, wanafunzi wamenizunguka. Kila wiki nilimuuliza maumivu vipi, naye alinijibu, "Alhamdulillah, mwalimu." Nikaandika: nafuu. Nikampandisha daraja.

Wiki ya tatu mwanafunzi wangu Salma alinivuta pembeni.

"Mwalimu, nnamtazama vidole vya mguu. Kila akivuta goti anavikunja."

"Mwenyewe kashasema Alhamdulillah. Wewe unamjua zaidi?"

Nilimjibu kwa sauti, wenzake wakasikia. Hilo nalo linaniuma mpaka leo.

Mimi ni mtoto wa Michenzani, mjini, kisiwa kimoja na Bi Mize. Bibi yangu alijibu hivyo hivyo hadi siku ya kufa kwake. Nilijua vyema kwamba kwetu mtu halalamiki mbele ya watu, wala hamvunji moyo mwalimu anayemhangaikia. Nilivaa koti jeupe nikasahau. Baada ya mwezi unyayo wa Bi Mize ulilegea, hauinuki. Mshipa wa fahamu ulikuwa umebanwa kiunoni, na zoezi langu lilizidi kuubana. Alipasuliwa, lakini mguu haukurudi, wala yeye hakurudi kwenye mwani.

Tangu hapo niliwafundisha wanafunzi watazame kwanza vidole, uso na pumzi, ndipo waulize. Siku hizi Salma ndiye anayefundisha somo langu.

Nilipostaafu nilikwenda Kiwengwa kumtaka radhi. Nilimweleza kila kitu, pamoja na maneno ya Salma. Alinisikiliza, akasema amenisamehe. Nikamuuliza mguu unaendeleaje.

"Alhamdulillah, mwalimu," akanijibu, akainuka kwenda kunitilia chai. Nilimtazama akiuburura mguu hadi jikoni.