Minyara ya Mama Klara

Anisia hakuwa mtu wa kusamehe, na mimi Justina, jirani yake wa Samuye, sitamsafisha hapa kwa kusema alikuwa. Kanisani alikwenda na rozari alisali, lakini shemeji yake Pantaleo alikuwa amemkaa rohoni kama mwiba uliokatikia mguuni.

Mumewe alifukiwa na shimo la dhahabu huko Geita, muda mfupi baada ya watu kuhamishiwa vijijini. Matanga hayajaisha, Pantaleo, kaka mkubwa wa marehemu, akaanza kusema kiwanja kirudi kwenye ukoo. Pale kulikuwa na wasichana wawili tu, Klara na Euphrasia, na kwa maneno yake watoto wa kike hawana mpaka wa ardhi. Hakumfukuza mjane kwa mdomo. Kila jioni aliswaga ng'ombe wake kwenda lamboni kwa kukatisha bustani ya mjane huyo, ingawa njia ya kuzunguka mlima ilikuwepo. Alitaka mwanamke achoke, afungashe virago, arudi kwao Ushirombo.

Bustani yenyewe ilikuwa ya watoto. Mama yao aliwafundisha kuinua matuta, kuchanganya samadi na majivu, kutoboa kopo la mafuta kwa msumari ili liwe la kumwagilia. Klara, mdogo, alikuwa na tuta lake la mchicha na hakuna mgeni aliyepita bila kuonyeshwa. Siku ng'ombe walipoligeuza tope, alilia mpaka akatapika. Pantaleo akamtazama, akasema, "Utapanda mwingine." Nilikuwepo. Ningekuwa na fimbo mkononi, ningemchapa nayo mbele ya ng'ombe wake.

Anisia alingoja Jumapili, Pantaleo akiwa amekaa na wageni wake kwenye pombe, akawatuma wale wasichana.

"Shikamoo, baba mkubwa," wakasema wote wawili.

"Marahaba. Mnataka nini?"

"Mama anaomba matawi ya minyara ya zizi lako," alisema Euphrasia. "Tunataka kuzungushia bustani."

Pantaleo akacheka, na wageni wakacheka naye. "Kateni mpaka mchoke! Mtanipunguzia kazi ya kupogoa."

Pombe na dharau vilimsahaulisha jambo ambalo kila mtu wa kijiji chetu alilijua. Kwetu minyara ndiyo mpaka. Ukimruhusu mtu mbele ya watu akate kwako akapande kwake, umekubali kwamba yeye ni jirani yako, na atakapopanda ndipo ardhi yake inapoanza.

Kesho yake walikata. Anisia alishika panga, watoto wakabeba, nyuso zao zimefungwa vitambaa kwa sababu utomvu wa mnyara ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Walilaza matawi kivulini hadi majeraha yakauke, maana yakipandwa mabichi yanaoza. Kisha wakavuta kamba kutoka pembe hadi pembe, kila mtoto akapewa mstari wake wa kuchimba, na mbele yake wakaweka miiba ya kuzuia ng'ombe.

"Shindilieni kwa kisigino," Anisia aliwaambia. "Kila tawi lishike."

"Mayu," nikamtania, nikimwita mama kwa lugha ya kwetu, "unapanda mti au unazika mtu?"

"Yote mawili," akajibu, wala hakutabasamu.

Mvua zilipoanza, matawi yakachipua. Pantaleo aliendelea kusogeza miiba na kupitisha mifugo kwenye mianya, huku akiuita uzio wa wanasesere. Mvua za mwaka uliofuata zikaziba mianya yote. Jioni moja ng'ombe walifika, wakasimama, wakabaki wanalia kwa kiu. Naye akakimbilia kwa balozi wa nyumba kumi kushtaki kwamba amefungiwa njia.

Wazee walikutana. Balozi akamuuliza, "Matawi yalitoka wapi?"

"Kwenye zizi langu."

"Waliiba?"

Marselino, mmoja wa wageni wa siku ile ya pombe, akajibu kwa niaba ya Pantaleo: "Aliwaambia wakate mpaka wachoke. Nilisikia kwa masikio yangu." Kesi ikaisha hapo, na kiwanja kikawa cha Anisia na wanawe.

Siku ya tatu Pantaleo alikuja kwa Anisia mwenyewe, kofia mkononi. "Shemeji, niachie hata kilango kidogo tu. Ndama hawawezi mlima."

"Uzio sikuupanda peke yangu," Anisia akamjibu. "Waombe wenzangu."

Ikabidi ainame. Mtu mzima yule, mwenye zizi linalojulikana mpaka Isaka, akamwomba Klara. Mtoto akamtazama usoni bila haraka.

"Baba mkubwa, zunguka mlima."

Nilidhani mama yake atamkemea, japo kwa adabu tu. Anisia alimletea shemeji yake kigoda, akampa maji kwenye kata, akamngoja ayanywe yote. Kisha akanyoosha mkono kumwonyesha njia ya mlimani, kana kwamba mzee wa watu alikuwa mgeni asiyejua inapopita.