Mama ananiomba niandike barua ya kumshtaki muuguzi aliyetunza siri ya mdogo wangu

Ndugu wa ukurasa huu, naomba jina langu libaki kwenu. Nina miaka thelathini na minane, ninaishi Bunia, kazi yangu ni kushona. Kwetu ni Mahagi. Huu ni mwezi wa tatu tangu tumzike mdogo wangu, ambaye hapa nitamwita Roza.

Roza aliishi nami. Kwa miaka sita alikunywa dawa za virusi vya ukimwi, na katika ukoo wetu tuliojua tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Alikuwa mnene, mcheshi, mandazi yake yalikuwa yanaisha kabla ya saa nne asubuhi. Siku ya kuchukua dawa alikuwa anatia pamba ndani ya chupa, ili vidonge visilie akiwa juu ya pikipiki. Pamba iliyobaki ningali nayo kwenye droo ya cherehani.

Mwaka jana ulifanyika uchunguzi wa afya, nyumba kwa nyumba. Huku kwetu mgeni hafunguliwi mlango ovyo, tumeona mengi. Kwa hiyo waulizaji walichaguliwa katika wenyeji wa kila avenyu, yaani kila mtaa. Kwetu alichaguliwa Mama Furaha, ambaye tunaimba naye kanisani. Wote tulifurahi kwamba ni mtu wetu.

Alipofika, Roza alikuwa sokoni. Mama Furaha alinisomea karatasi: majibu ni siri, jina haliandikwi. Kisha akauliza kama nyumbani kuna mtu anayekunywa dawa kila siku, na ni ya ugonjwa gani. Nikaenda kurudishia mlango.

"Sema tu, dada," akaniambia. "Siye tunaandika namba ya nyumba. Jina hatuandike."

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa nne wa sekondari, na ninaheshimu karatasi. Nilifikiri nikisema kweli, dawa hazitakosekana. Nikasema. Sikufikiri kwamba namba haihitaji jina, ikiwa anayeiandika anajua mlango wetu.

Hazikupita wiki mbili, Roza akarudi kutoka bombani na bidoni ya maji ikiwa tupu. Wanawake walikuwa wamemwambia, "Weye chota nyuma, siye tuko na watoto." Mmoja akamuuliza, "Mama, vile vidonge ndivyo vinanenepesha hivi? Unigawie basi." Wakacheka. Kesho yake beseni la mandazi lilirudi kama lilivyokwenda. Tulikula mandazi yale siku tatu, yeye na mimi, mpaka yakawa magumu.

Jioni moja alisimama karibu na cherehani yangu. "Yaya," ndivyo alivyoniita mimi dada yake, "kuna mtu ulimwambia?"

Nilikuwa napindisha ukosi wa shati. Nikasema, "Hapana."

"Basi ni ule muganga. Hakuna mwingine anajua."

Alimaanisha muuguzi wa kituo cha afya, yule aliyekuwa akimpa dawa. Niliendelea kushona.

Tangu siku ile Roza hakukanyaga tena kituoni. Nilimwomba aende kituo kingine, akasema, "Kwenyi kila kituo kuko mudomo." Muuguzi alikuja nyumbani mara mbili kumtafuta. Alikuja bila koti lake la kazi, na kitenge mkononi, akasema mbele ya wapangaji kwamba ameleta sketi ya kushona, asijue mtu alichokuja kufanya. Roza alijifungia chumbani mara zote mbili. Baadaye alikonda mpaka nikawa napunguza nguo zake kila mwezi. Mwishoni alimwambia mama, ambaye alikuwa amekuja kutoka Mahagi kumwuguza, kwamba muganga ndiye aliyemtangaza. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe chake cha uji. Bado sikusema.

Kwenye matanga muuguzi alikuja kutoa pole. Mama alisimama mbele ya watu wote. "Weye ndiye ulitembeza ugonjwa ya mutoto yangu. Toka." Yule mwanamke angeweza kujitetea, lakini kujitetea kungekuwa kukubali kwamba Roza alikuwa mgonjwa wake. Alisema, "Poleni na msiba, mama," akaondoka. Watu wakamzomea mpaka barabarani. Aliyekuwa anaongoza nyimbo ni Mama Furaha.

Nilimfuata Mama Furaha kwake wiki iliyofuata. Hakukana. "Mimi nilisema kwenyi namba kumi na mbili kuko mugonjwa. Jina sikutaja. Na ni nani alinipatia? Si weye? Twende basi kwa mama yako, mimi sina woga." Kisha akaniuliza kama sare za kwaya zitakuwa tayari kwa Jumapili.

Sasa mama na kaka yangu wanataka muuguzi afukuzwe kazi. Jumamosi watapeleka barua kwa wakubwa wake. "Andika weye, ndiye ulisoma," mama ameniambia. Ananiletea chai nikiwa nimeinamia karatasi, ananipapasa mgongo. Jana akasema, "Mungu alinichukulia moja, lakini aliniachia ule hawezi kunidanganya."

Nikiandika wanavyotaka, namharibia maisha mtu pekee aliyenyamaza alipopaswa kunyamaza, na sijui wagonjwa wake wengine wataangukia mikono gani. Nikisema ukweli, mama atajua kwamba mdogo wangu aliacha dawa kwa sababu ya neno langu moja, "hapana". Sijui kama atabaki na binti hata mmoja.

Kitenge alichoniachia muuguzi bado kiko hapa juu ya meza, hakijakatwa. Karatasi nimeiweka juu yake. Nimeandika salamu tu. Kinachofuata ni jina la mwenye kosa, na ninajua majina matatu: lake, la Mama Furaha, na langu. Ninyi msioishi kwenye avenyu yetu, niambieni kabla ya Jumamosi: niandike lipi?