Safari ya Bagamoyo na Pole Niliyoipokea

Elimu yangu ni ndogo na uongo siujui. Safari hii nilinyamaza tu, na aibu yake ni yangu.

Tangu nimzike mume wangu mwaka jana, nilitamani kwenda Bagamoyo kuyaona majumba ya Wajerumani aliyokuwa akinisimulia. Niliogopa majirani hapa Kilosa watasema nimemsahau mapema. Kwa hiyo nilipomwomba Mama Rehema anitazamie kuku, nilisema nina safari ya Bagamoyo, nikainamisha kichwa.

"Pole sana, dada," akasema.

"Asante," nikajibu, maana pole haikataliwi.

Jioni akaniletea unga wa msibani. Nao nikaupokea, mjinga mimi.

Asubuhi, stendi, niliwakuta wanawake saba wa kikundi chetu cha kuzikana wamejitanda kanga, mabegi miguuni. Mimi nilikuwa na kofia mpya ya jua.

"Kuku wako nimemwachia binti yangu. Tunazika saa ngapi?" akauliza Mama Rehema, naye akiwa kati yao.

"Hakuna aliyekufa," nikasema. "Nakwenda kutembea."

Wakanikodolea macho. Mama Rehema akaitazama kofia, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mume wangu nimeshamuaga kwa siku tatu za msiba, sirudi nyumbani! Konda, pakia mabegi!"