Mbolea ya ruzuku ya shamba la mama yangu imestawisha shamba la mwanamke mwingine

Admin, nifichie jina na kijiji pia, maana huku kila mtu ana simu. Mimi ni mama wa miaka 36, nina watoto watatu, tunalima mahindi huku Mbozi. Watu wanaoanika mambo ya ndoa zao mtandaoni nilikuwa nawacheka sana. Leo ni zamu yangu, nichekeni.

Wakati wa kuandikisha wakulima wa mbolea ya ruzuku, mtendaji wa kijiji aliniuliza, "Mama, tumwandike nani, wewe au mzee?" Shamba nalima mimi. Mume wangu muda mwingi yuko Tunduma kwenye biashara. Lakini mdomo wangu ukajibu, "Mwandike baba mwenye nyumba, mimi ni nani?" Kesho yake mume wangu akaja, akaweka alama ya kidole na namba yake ya simu. Tena nikaomba shamba la mama yangu mzazi liingizwe humo humo, kwa sababu ni mjane na hana kitambulisho. Nilijiona mke mwenye adabu kweli kweli, kumbe najichimbia kaburi.

Mbolea ya kupandia alileta. Mvua zikanyesha vizuri, mahindi yakafika magotini, nikaenda kwa wakala wa mbolea kuulizia ya kukuzia. Akaangalia namba yetu akasema, "Mama, mifuko yote imeshachukuliwa. Mwenyewe alikuja na kidole chake." Nikampigia mume wangu. Akajibu, "Kwani jina si langu?" Akakata.

Nilipanda gari hadi Tunduma, sikumkuta. Jirani yake wa kibanda cha biashara akanionea huruma, akanielekeza upande wa pili wa mpaka, Nakonde, Zambia. Nikavuka. Nilikuta nyumba yenye shamba la mahindi ya kijani mpaka meusi. Bafu lao la nje limezungushiwa mifuko mitupu ya mbolea, maandishi ya Kiswahili, ya ruzuku yetu. Akatoka mwanamke mjamzito, akanisalimia kwa heshima, "Mwapoleni mukwai." Nilipotaja jina la mume wangu akafurahi, akasema kwa Kinamwanga, lugha ya pande zote mbili za mpaka, "Karibu wifi! Ameniambia ana dada anayemtunzia mashamba huko Tanzania." Akaniwekea nshima, ndio ugali wao, na kuku. Nilikula jamani. Nilishindwa hata kumchukia, nikarudi nalia njia nzima.

Mtendaji nimemweleza. Amesema, "Andika barua ya malalamiko, mama, nitakusaidia. Ila kuvusha mpaka mbolea ya ruzuku ni kosa. Tukianza, mzee atakamatwa, na hapo sitaweza kuirudisha nyuma." Mama mkwe alipopata habari alinijia juu: "Ukimfunga mwanangu, hiyo nyumba uiache, na watoto uwaache. Mwanaume hashitakiwi na mkewe." Nyumba iko kwenye ardhi yao, kwa hiyo hatishii bure. Na mtendaji ameniambia ukweli kwamba hata mume wangu akikamatwa, mbolea ya msimu huu haitarudi. Barua itasaidia tu mimi na mama tuandikwe kwa majina yetu msimu ujao.

Mahindi yameanza kuwa ya njano kuanzia majani ya chini. Zimebaki siku chache, baada ya hapo hata ukiweka mbolea ni kazi bure. Bei ya kawaida siiwezi. Watoto wangu watakula nini mwaka mzima? Naumia, nina hasira, na nikiwa peke yangu jikoni najipiga kofi.

Kinachonimaliza zaidi ni mama yangu. Hajui lolote. Kila siku ananiuliza, nami namdanganya kwamba gari limekwama. Jana nikamwambia itafika leo. Asubuhi hii amechukua jembe, na mgongo wake ule mbovu, ameenda kuchimba vishimo kwenye kila shina ili mbolea ikifika asichelewe. Niko hapa nyumbani namwona kwa mbali, amefika mstari wa nne.

Ndugu zangu, niandike barua nipoteze watoto, au ninyamaze na mwakani atubebee mbolea tena? Na huyu mama pale shambani, nikamwambie nini? Nishaurini, nimeishiwa.