Mama Mita na Namba Thelathini na Nane

Mdogo wangu anasoma mita za maji. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na tisa kwa miguu yake miwili, mlango kwa mlango, na mtaa mzima wa mlimani hakuna anayemjua kwa jina alilopewa na wazazi. Wanamwita Mama Mita. Watoto aliowakuta wakitambaa uani, leo wanamfungulia geti wamebeba watoto wao. Mimi ni dada yake, namzidi miaka kumi na mitano, nilimbeba mgongoni, na sasa kwa kuwa sote ni wajane tunakaa nyumba moja. Kwa hiyo nikieleza habari zake naeleza ninachokijua. Shule niliishia darasa la saba, lakini kichwa changu hakijapoteza kitu nilichokiweka.

Mwaka jana idara ya maji ilibandika tangazo ubaoni. Kila msoma mita aliyevuka miaka hamsini atapimwa. Atazunguka njia yake yote, mita za maji mia na themanini na sita, kuanzia saa moja asubuhi, na iwe imeisha saa nane mchana, msimamizi akiwa nyuma yake na saa mkononi. Atakayeshindwa anahamia chumba cha mafaili mpaka astaafu. Walipewa wiki nane za kujiandaa.

Mdogo wangu ana miaka hamsini na mmoja. Alirudi jioni hiyo akakaa mezani, chakula hakukigusa.

“Chumba cha mafaili kina dirisha moja, dada,” akaniambia, “nalo linatazama ukuta.”

Wengine wangeshukuru kukaa kitini. Yeye kutembea ndiyo kazi yenyewe. Anajua bomba la nani linavuja kabla mwenyewe hajajua. Kuna siku alifunua mita ya mzee mmoja mstaafu akaona mshale unazunguka mbio, akagonga, hakuna anayeitika. Angekuwa mwingine angeandika namba akaenda zake. Yeye aliita majirani, wakavunja mlango, wakamkuta mzee ameteleza bafuni, nyonga imevunjika, bomba linamwaga. Mzee yuko hai hadi leo. Sasa niambie, faili gani litakuonyesha hilo?

Ila kulikuwa na jambo ambalo yeye alidhani silijui. Nyumba yetu ina kuta nyembamba. Kila alfajiri nilikuwa namsikia akishuka kitandani: hatua ya kwanza anashika kitanda, ya pili anashika kabati, ya tatu anapumua kwa meno kama mtu aliyekanyaga msumari. Akishafika jikoni mguu umepata moto, anatembea vizuri, ananiamkia kwa uso mkavu. Jioni akiinuka kitini, yale yale. Asubuhi moja nikamsubiri mlangoni kwake.

“Unachechemea.”

“Sichechemei. Mguu umelala tu.”

“Tembea mpaka dirishani nikuone.”

“Dada, mimi si ng'ombe wa mnadani.”

“Ng'ombe angekubali. Kisigino kinakuuma tangu lini?”

Akatazama chini. “Tangu mvua za mwaka juzi. Lakini usimwambie mtu. Bwana Dakika akisikia, nimekwisha.”

Bwana Dakika ndiye msimamizi wao, kijana wa miaka thelathini na minne, nadhifu, mwenye viatu vinavyong'aa, ambaye hamalizi sentensi bila kutazama saa. Nikamwambia mdogo wangu siri ataiweka kwa wengine, si kwangu, na kesho yake nikamburuta mpaka kituo cha afya.

Tulikaa foleni muda wa saa tatu. Daktari akatupeleka kwa binti wa mazoezi ya viungo, msichana mwenye kucha fupi na mikono yenye nguvu. Akabonyeza kisigino kwa dole gumba, mahali pamoja tu, na mdogo wangu karibu aruke dirishani.

“Hapo hapo,” binti akasema, kama aliyeokota kitu alichokipoteza. Akatueleza kwamba chini ya unyayo kuna mshipa mgumu kama mkanda unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni. Ukichoshwa unavimba pale unaposhikana na kisigino. Usiku unalala umejikunja, asubuhi ukikanyaga ghafla unavutwa kwa nguvu, ndiyo maana hatua ya kwanza inauma kuliko ya mia.

Mdogo wangu akajiandaa kwa sindano. Sindano haikuja. Aliambiwa kabla ya kushuka kitandani apitishe taulo chini ya vidole, alivute taratibu kuja kwake, mguu umenyooka, ahesabu mpaka thelathini, mara tatu. Kisha asimame akisukuma ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, mpaka shavu la mguu livutike. Jioni aviringishe unyayo juu ya chupa ya maji baridi. Na kamwe asikanyage sakafu ya saruji miguu mitupu, hata kwenda chooni.

“Nimekaa saa tatu nije nipewe taulo?” akaninong'oneza.

Binti alisikia. “Taulo ni lako mwenyewe, mama, mimi sina la kukupa. Nionyeshe viatu vyako. Unavaa namba ngapi?”

“Thelathini na nane,” mdogo wangu akajibu, ameinua kidevu, kama anataja cheo.

“Nani alikupima?”

Mdogo wangu akatazama buti zake. Maana ukweli ni huu: siku alipoajiriwa, msichana mwembamba wa miaka ishirini na miwili, waliandika kwenye kadi ya stoo namba ya viatu, thelathini na nane. Kila Januari anakwenda, mtunza stoo anaangalia kadi, anatoa buti, anasaini. Watoto watatu amezaa, kilo ameongeza, njia ile ameikanyaga miaka ishirini na tisa, na hakuna aliyeuliza kama mguu nao umebaki pale pale kwenye kadi. Na yeye hakutaka kuulizwa. Marehemu mama alikuwa akimsifia mbele ya wageni kwamba binti huyu ana mguu mdogo wa kupendeza, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo na miguu yangu kama makasia. Sifa ya mama haiachwi hivi hivi.

Binti akasema tupime jioni, kwa sababu mguu wa jioni umeshavimba na ndio mguu wa kununulia viatu. Basi jioni nikatandaza karatasi ngumu sakafuni, akasimama wima, uzito wote chini, nikachora kwa penseli kuzunguka kila mguu. Nikaweka buti lake juu ya mchoro. Mstari ulitokeza pande zote mbili, na vidole viwili vizima vilikuwa nje.

“Umechora vibaya,” akasema.

“Chora wewe.”

Akachora. Mchoro wake ukatoka mkubwa kuliko niliochora mimi. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kesho yake tulikwenda stoo pamoja, mimi nimebeba ile karatasi kwapani. Mtunza stoo ni mtu mzima wa karibu kustaafu, anayependa utaratibu kuliko chai. Akavaa miwani, akatoa kadi.

“Mama Mita, kadi inasema thelathini na nane.”

“Kadi ina miguu?” nikamuuliza.

Akanitazama juu ya miwani. “Na huyu ni nani?”

“Dada yake. Weka buti la thelathini na nane juu ya karatasi hii, uniambie vidole hivi unavipeleka wapi.”

Akaliweka. Akaligeuza. Akacheka kwa pua. “Hii ni arobaini, na yenye upana.”

“Arobaini ni mguu wa mwanaume,” mdogo wangu akasema.

“Mama, mimi navaa thelathini na tisa,” mtunza stoo akajibu, akajitazama chini kama anajuta kulisema. Akaingia ndani, akatoka na buti za arobaini, mpya, zenye soli nene na kisigino kilichojazwa. Mdogo wangu akaingiza mguu, akasimama, akachezesha vidole. Sitasahau uso wake. Ulikuwa uso wa mtu aliyefunguliwa mkanda baada ya karamu. Mtunza stoo akakata namba ya zamani kwa kalamu nyekundu, akaandika mpya, na neno hakusema kwa mtu.

Tukabaki na wiki sita. Nilimsimamia kama mwalimu wa zamu. Taulo asubuhi, ukuta asubuhi na jioni, chupa baada ya kula. Buti mpya hakuzivaa siku nzima mara moja. Alianza na saa mbili, kisha nne, soksi nzito, kamba zimelegezwa mbele na kukazwa kifundoni ili mguu usitembee ndani. Kucha nilimkata mimi, moja kwa moja, bila kuingia pembeni. Wiki ya kwanza hakuona kitu, akanisema. Wiki ya tatu akafika kabatini bila kulishika. Ya tano nikasikia anaimba akitafuta kitana, nikajua. Maumivu hayakwisha kabisa, nisidanganye. Lakini kutoka kukanyaga msumari mpaka kukanyaga kokoto ni safari ndefu.

Siku ya kipimo nilishindwa kukaa nyumbani. Saa sita nilikuwa nimeshajipachika kwa fundi cherehani mlimani, pale zinapoanzia ngazi za kupandia nyumba za juu, kwa sababu lazima wangepita. Fundi na mkewe walijua habari yote. Mtaa mzima ulijua.

Saa saba na dakika ishirini na tano nikamwona. Anakuja kwa mwendo wake ule ule, daftari mkononi, fimbo ya kufunulia vifuniko begani, jasho limemlowesha mgongo lakini hatua sawa. Mita mia na hamsini na tano zimekwisha. Zimebaki thelathini na moja, zote juu ya ngazi. Nyuma yake, hatua arobaini nyuma, anakuja Bwana Dakika. Kiatu kimechongoka mbele kama penseli, na mwenye kiatu anatembea kwa pembeni kama kaa.

Alipofika kwa fundi akaketi kwenye benchi bila kukaribishwa.

“Mama, tuishie hapa. Hizi za juu tutamalizia kesho.”

“Karatasi inasema leo, saa nane,” mdogo wangu akajibu.

“Basi panda peke yako.”

“Nikipanda peke yangu nani atasaini kwamba nilipanda?”

Hilo ndilo sharti alilolitunga mwenyewe. Akajaribu lingine. “Andika makadirio. Mita thelathini, nani atajua?”

“Mimi nitajua. Na wenye nyumba wakiletewa bili ya kubuni watajua pia.”

Saa ya ukutani kwa fundi inakwenda, kijana ameshika goti, na miaka ishirini na tisa ya mdogo wangu imekaa kwenye benchi lile. Angeweza kumkaripia. Angeweza kulia. Alichofanya ni kupiga magoti kama anavyopiga mbele ya mita, akamshika mguu.

“Mwanangu, vua.”

“Mama, hapana, watu wanatazama.”

“Wameanza kutazama tangu ulipoanza kutembea kama kaa. Vua.”

Akavua. Kidole kidogo kimechunika, unyayo mwekundu. Mdogo wangu akavivuta vidole vyake nyuma taratibu, akausugua unyayo kwa dole gumba kutoka kisiginoni kwenda mbele, kijana akakunja uso, kisha uso ukakunjuka. Mke wa fundi akaleta bakuli la maji baridi na kitambaa safi cha kuzungushia kile kidole. Fundi akavua sandali zake za ngozi, pana kama sahani, akazisukuma kwa mguu.

“Zivae, bosi. Zimetembea sana, hazina ubishi.”

Saa saba na dakika thelathini na tano, Bwana Dakika, tai shingoni, suruali imepigwa pasi, sandali za fundi miguuni, alianza kupanda ngazi. Dakika ishirini na tano, mita thelathini na moja. Nilijua hesabu hiyo haitoshi.

Mke wa fundi naye aliijua. Alifunga kanga kiunoni akatangulia ngazi mbili mbili, sauti yake inasikika mpaka kileleni: “Fungueni mageti, Mama Mita anapanda! Toeni ndoo! Fungeni mbwa!” Kumsaidia kusoma mita ni kosa, lakini kufungua geti lako mwenyewe ni kosa gani? Mimi nami na magoti yangu ya miaka sitini na sita nikajikuta napanda. Kila tulipofika kifuniko kimeshafagiliwa mchanga. Yeye anapiga goti, anafunua, anafuta kioo, anasoma kwa sauti, anaandika, anafunika, huyoo. Mtoto mmoja alikuwa amekalia kifuniko chao anakula muhogo. Alinyanyuliwa na muhogo wake. Bwana Dakika nyuma ananihemea shingoni, anahesabu. “Ishirini na mbili. Ishirini na tatu. Mama, usikimbie, utateleza.”

“Sikimbii. Natembea.”

Ya mwisho iko nyumba ya juu kabisa, nyuma ya tangi. Akapiga goti. Nikamwona anashika ukuta kuinuka, mara moja tu, akatikisa mguu, akasimama sawa.

Kijana akatazama saa. “Saa nane kasoro dakika tatu.”

Akaketi ngazini, akaweka karatasi kwenye paja, akasaini. Penye nafasi ya maoni alifikiri kidogo, kisha akaandika, na mimi nikasoma begani kwake: Abaki njiani. Chini yake akaongeza: Wasoma mita wote wapimwe miguu upya.

“Na wasimamizi?” nikamuuliza.

“Bibi, niache nipumue.”

Tulishuka tukishikwa mikono na watu, kila nyumba inatutaka tuketi. Mimi nilishinda kitandani siku mbili, magoti yamekataa. Mdogo wangu kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alikuwa ameshatoka, na vyombo vyote ameniachia mimi.