Upande Mgumu wa Raba

Mwalimu wa michezo aliniambia neno moja tu: nimtafutie binti yangu raba zinazoshikilia mguu. Nyayo zake zimelala chini zote. Akikanyaga sakafu akiwa ametoka kuoga, alama inajaa kama chapati, na akikimbia vifundo vinaegemea ndani. Mbio za mita elfu tatu zilikuwa Jumamosi, uwanjani Geita, na msichana wa kwanza ndiye angechukuliwa kwenda kusoma bure shule ya michezo. Njia nyingine ya kumsomesha sikuwa nayo. Mimi nilijua, na yeye alijua.

Tukaenda sokoni Katoro siku ya kufungua bero la mitumba, pamoja na rafiki yake, binti wa jirani, ambaye naye alikuwa anakimbia. Huyo nyayo zake zimesimama vizuri, hazina neno. Mama yake aliniomba nimchagulie, maana nasifika kwa kuchagua. Sifa zenyewe! Nauza maparachichi, kazi yangu ni kubonyeza.

Wasichana wale wanavaa namba ileile, na zilizowaenea zilikuwa jozi mbili tu. Nikabonyeza soli. Jozi ya kwanza ilikuwa laini pande zote. Ya pili, upande wa ndani, ilikuwa na kipande cha kijivu kilichokigomea kabisa kidole changu.

"Hii imekufa," nikamwambia muuzaji.

"Haijafa, mama. Ndivyo ilivyotengenezwa."

"Wewe uza. Kubonyeza niachie mimi."

Laini nikampa wangu. Akarukaruka pale pale akicheka: "Mayu, hata hazisikiki mguuni!" Mayu ni mama, kwa Kisukuma chetu. Ngumu nikampa wa jirani, na nakiri, nilimpa nikiamini nampa mbovu. Roho ilinisuta kidogo, ikanyamaza.

Jumamosi mbio zilipoanza, nilisimama nje ya kamba pamoja na mwalimu. Mzunguko wote wa kwanza alikuwa anawatazama miguu. Akauliza nani amechagua zile raba. Nikasema mimi, tena kwa majigambo.

Akashika kichwa. "Mama, ule ugumu wa ndani ndio unaozuia mguu usilale. Zile zilikuwa za binti yako. Mwenzake hazihitaji, zinamsukumia mguu nje."

Ilibaki mizunguko sita na nusu. Ningepiga kelele gani? Simameni mbadilishane? Nilishika ile kamba kwa mikono miwili na kutazama, basi. Binti wa jirani alijitoa mzunguko wa nne, akakaa kwenye nyasi akishika kifundo. Wangu aliongoza hadi wa tano. Kisha goti likaanza kuingia ndani, na kila alipopita mbele yangu lilikuwa limeingia zaidi. Akapitwa na mmoja, wawili, wanne. Sijawahi kujiona bure namna ile.

Alimaliza akichechemea, akaja moja kwa moja kwangu. Akakaa chini, akavua raba, akazipangusa vumbi taratibu kwa pindo la kanga yangu.

"Raba ni nzuri, mayu," akasema bila kuinua uso. "Miguu yangu tu ndiyo mibaya."

Mwalimu akanitazama, akasubiri. Nikazipokea zile raba, nikamwambia avae kandambili, twende.