Namba Iliyogongwa kwa Mkono

Marcelino Kalinga alikuwa fundi wa pikipiki pale Iringa mjini, kwenye kibanda cha mabati chini ya soko. Miaka ile ya sabini na nne, sabini na tano, pikipiki hazikuwa nyingi. Zilikuwa za mapadre, za mabwana shamba, na chache za wenye maduka. Lakini hizo chache zilikuwa zinaibwa, zinapakwa rangi nyingine na kuuzwa tena. Ndiyo maana mtu hakununua pikipiki iliyotumika kabla Marcelino hajaipitia.

Alikuwa anachuchumaa, anafuta tope kwenye shingo ya fremu kwa kidole gumba, anatazama namba. Kiwanda kinagonga namba kwa mashine, na tarakimu zinasimama kwenye mstari kama watoto wa shule asubuhi. Mwizi anakwangua ile ya kwanza na kugonga yake kwa nyundo. Moja inainama, nyingine inazama. Marcelino akiona tarakimu imeinama, anasimama, anajifuta mikono, anasema, "Hii iache." Na watu wanaiacha. Neno lake lilikuwa linatosha kabisa, hakuna aliyekwenda kuuliza kwa fundi mwingine.

Dada yake, Evarista, alikuwa mjane anayekaa Idodi, kule barabara inakoelekea kwenye mbuga. Evarista alikuwa na binti, Paskalina, aliyejifunza cherehani kwa masista, na aliyelipa ada ni huyo huyo mjomba wake. Marcelino hakuwa na mtoto wa kike. Alikuwa ameshamchagulia Paskalina mume moyoni mwake, mwalimu mmoja wa mjini, mtu wa viatu safi. Hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa anangoja tu siku yake.

Basi kabla hiyo siku haijafika, ikaja posa kutoka Usangu. Kijana anaitwa Shija, Msukuma, wa wale watu waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakafuata majani ya bonde. Alijuana na Paskalina kwenye mnada wa Idodi, alikokuwa analeta mifugo. Mshenga alikuwa baba yake mdogo, mzee Budeba, mtu mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Mahari ikapangwa, ng'ombe wakatajwa, pande zote zikakubaliana. Halafu ugonjwa ukapita kwenye zizi la Budeba, na ng'ombe waliobaki hawakufika hata nusu ya walioahidiwa.

Ndipo Budeba akarudi na shauri lake. Kwao ipo pikipiki. Mzungu mmoja kutoka Zambia alipinduka na gari barabara kuu, pikipiki ikiwa nyuma, na Shija ndiye aliyembeba kwa gari la ng'ombe mpaka hospitali. Alipopona akawaambia ichukueni, ni yenu, mimi sitapanda tena. Hakuandika chochote. Budeba akaomba pikipiki hiyo isimame mahali pa ng'ombe waliopungua. Evarista akasema hana ubaya na hilo, ila mjomba wa mtoto aje aione kwanza, maana kazi yake ndiyo hiyo.

Marcelino alifika Idodi kwa lori la pamba, na njia nzima alikuwa anamfikiria yule mwalimu.

Wazee wa pande zote walikuwa wameshakaa uani kwa Evarista. Shija alikuja na pikipiki yake akiiendesha, na mlio wake ulikuwa mkali, wa kukatakata, mpaka mbuzi wakakimbilia ndani. Haikuwa na taa wala kioo, hata mahali pa kufungia taa hapakuwepo. Tangi lilikuwa jembamba, limepondwa kwa nyundo, alama za nyundo ukizipapasa unazisikia. Sahani ya breki ilikuwa imetobolewa matundu mengi kama chekecheke. Viungio vya fremu vilichomelewa kwa mkono. Marcelino akafuta tope shingoni, akatazama. Tarakimu zimeinama, kila moja na upande wake.

Moyo wake ukatulia. Hilo ndilo jambo alilokuja kulikumbuka sana baadaye, kwamba ulitulia, kama mtu aliyekuwa anatafuta kitu akakikuta.

Kilikuwepo kitu kimoja kilichomsumbua. Alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, anaitumia kujua chuma kilichozibwa kwa risasi ya kuyeyusha. Aliipeleka kwenye boliti za ekseli, haikunasa. Akafungua nati moja, akaitia kiganjani. Ilikuwa nyepesi ajabu, na bado ngumu, kisu hakikuiachia hata mkwaruzo. Katika maisha yake hakuwahi kushika chuma cha namna ile. Alikaa nayo kidogo. Kisha akairudisha, akaikaza, hakumwambia mtu.

Budeba alikuwa anataniana na wazee, alipoona mjomba mtu amekawia akamwambia, "Fundi, kama unatafuta kadi yake, hata ng'ombe wetu hawana kadi, na nyama yao hapa mmekula."

Watu wakacheka. Marcelino hakucheka. Alisimama, akajifuta mikono, akasema kwamba pikipiki hii haikutoka kiwandani hivi ilivyo. Imeungwaungwa na mafundi wa vichochoroni. Taa zimeondolewa ili isijulikane. Akamalizia, "Na namba yake imegongwa na mkono wa mtu. Wenyewe mnajua nani anagonga namba kwa mkono."

Paskalina, ambaye kwa desturi hakutakiwa kusema pale, alisema akiwa mlangoni, "Mjomba, una hakika?"

"Nina hakika, mwanangu."

Budeba akainuka, akakung'uta shuka lake. Alisema taratibu tu kwamba kwao mtu akikataa ng'ombe anasema ng'ombe amekonda, hasemi ameibwa. Posa ikavunjika hapo. Shija aliishika pikipiki kwa pembe, akaisukuma mpaka kwenye kona ya barabara. Hakuiwasha.

Mvua zikaja, zikaisha. Marcelino akaenda Mbeya kutafuta vipuri, maana Iringa wakati ule hata mnyororo ulikuwa haupatikani. Akafikia kwa fundi mwenzake anaitwa Asukile, Mnyakyusa aliyefanya kazi Kitwe, kule Zambia, miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Wakawa wanakunywa chai, wanaongea mambo ya kazi, na Asukile akaanza kusimulia Jumapili za Kitwe, wazungu wakishindana kwa pikipiki za kuruka matuta. Zipo, alisema, zinazouzwa dukani, hizo kila mtu anazo. Na zipo ambazo kiwanda kinawatengenezea wapandaji wake chenyewe, moja moja, kwa mikono. Hizo haziuzwi popote. Aliwahi kuiosha moja, ya mzungu aliyepewa na rafiki yake wa Ulaya.

Marcelino aliweka kikombe chini. Akauliza, kama mtu anayeuliza tu, mtu ataitambuaje.

Asukile akamwambia kwamba haina hata mahali pa taa, tangi ni la kupondwa, breki imetobolewa ili iwe nyepesi, na namba wanaigonga wenyewe kwa mkono, maana haipiti kwenye mashine ya zile nyingine. Akaingiza mkono kwenye kopo la misumari, akatoa boliti moja. "Hii ni yake. Alinipa siku nilipombadilishia. Shika."

Marcelino akaishika, na mkono wake ukaijua kabla yeye mwenyewe hajasema neno.

"Na bei yake?" aliuliza.

"Bei ya wapi, ndugu yangu? Ukimpata anayeijua, unaomba zizi zima anakupa. Lakini ile imepotea. Yule bwana alipinduka huko Usangu akienda mashindanoni Nairobi. Aliporudi Kitwe alikuwa anatusimulia kwamba kuna Wasukuma walimbeba kwa ng'ombe, akawaachia pikipiki. Hao wana bahati yao."

Basi la kurudi Iringa linapita kandokando ya bonde la Usangu. Pale njia ya kwenda kwa Budeba inapochepuka, basi lilisimama, watu wakashuka na magunia yao. Marcelino alikuwa kiti cha dirishani. Aliiona njia. Aliona hata mtu anayechunga ng'ombe mbali kule, akajiambia huenda ndiye Shija, na huenda siye. Kondakta akagonga bodi, basi likaondoka naye akiwa amekaa palepale.

Akarudi kwenye kibanda chake. Mteja alikuwa akileta pikipiki ya kutazamwa, Marcelino anainamia ile namba, anainuka, anasema hajui, ampelekee mwingine. Watu wakadhani amechoka macho. Si macho. Alikuwa anajiuliza swali moja kila siku: kama ingekuwa pikipiki ya yule mwalimu, ile nati isiyonasa sumaku angeirudisha bila kusema? Na jibu alikuwa nalo. Angemwambia, hii siijui, ngoja niulize wenzangu.

Akapanda basi tena, akashuka pale kwenye njia.

Alimkuta Budeba anarekebisha boma. Lango la zizi la ndama lilikuwa ni ile fremu, imesimamishwa na kufungwa kwa kamba za ngozi. Magurudumu yalikuwa chini ya mkokoteni wa mpunga, yamechakaa, yamepinda. Injini waliijaribu kuvutia maji mtoni ikafa, ipo kule kwenye majani. Shija mwenyewe ndiye aliyeivunjavunja, kwa hasira, wiki ile ile waliporudi kutoka Idodi. Fundi mwenyewe si alisema imeungwaungwa, Budeba alimkumbusha.

Marcelino akawaza kurudi. Maana ukimwambia mtu alichonacho kina thamani, unampa kitu. Ukimwambia alichokwisha kukivunja kilikuwa na thamani, unamnyang'anya mara ya pili. Lakini Budeba alikuwa ameshamletea kigoda. Akakaa, akasema yote, na ile nati akaisema, na mwalimu pia.

Budeba alisikiliza akichonga kijiti chake. Mwisho akasema, "Ungenyamaza, tungeendelea kubeba mpunga bila kinyongo." Akapuliza vumbi la kijiti. "Hayo ya zizi zima yaache. Chuma kilikuja bure, kimekwenda. Ila mtoto wangu ulimwita mwizi mbele ya watu. Neno hilo halikusemwa hapa, kwa hiyo hapa usinipe pole. Litoe kule ulikoliweka."

Marcelino akaenda Idodi. Evarista aliwaita wazee wale wale, na kaka mtu akasimama uani pale pale mbele yao na mbele ya Budeba. Hakujieleza sana. Alisema namba ile ilikuwa ya kiwanda, kijana hakuiba, na yeye alikiona kitu asichokijua akakificha kwa kuwa posa hakuipenda. Mzee mmoja akasema kumbe macho ya fundi nayo yana upande. Walipobaki wawili Paskalina alimwambia, "Mjomba, mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza, mwanangu."

Posa ikarudi, na harusi ikafungwa mavuno yaliyofuata, kwa ng'ombe wale wachache waliokuwepo. Evarista alitaka iwe hivyo, na ndugu zake hawakuwa na uso wa kudai zaidi. Katika mahari, ng'ombe mmoja ni wa mjomba. Marcelino alituma ujumbe kwamba huyo wake hamtaki, wabaki naye. Budeba akarudisha jibu kwamba binti hawezi kuondoka kwao mjomba hajashika ng'ombe wake, hiyo siyo ndoa, na wao si watu wa kuchukua mke nusunusu.

Aliyemleta yule ng'ombe ni Shija mwenyewe. Alimswaga mpaka Iringa, akamfunga kwenye mti nyuma ya kibanda. Alikuwa jike zuri, bado lina maziwa, kwa kumtazama tu unajua ndiye bora waliyebaki naye. Marcelino akatoka nje akijifuta mikono, akamkaribisha ndani, akamwambia chai ipo.

"Shikamoo, fundi," alisema Shija. Akamwonyesha chuchu moja ya yule ng'ombe inayotaka kukamuliwa polepole, akaaga kwa heshima bila kuingia ndani, akaenda zake stendi.

Kila asubuhi Marcelino alikuwa anakamua. Maziwa yalikuwa mengi, yanatosha yeye na majirani. Alikuwa anawagawia wote, na kikombe chake anakunywa mwisho, amesimama.